Kulala Hifadhini Ruaha kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila Juni ikikaribia, simu huanza. Huyu anauliza kama loji za mbugani ni za Wazungu tu, yule anataka kujua kama gari lake dogo, Toyota IST, litafika, na mama mmoja lazima aulize kama simba anaweza kufungua zipu ya hema. Kwa kuwa maswali ni yale yale, nimeyapanga hapa kwa kufuata safari yenyewe, tangu simu ya kwanza ya kuulizia nafasi hadi asubuhi ya kufunga mabegi.

Nazungumzia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Iko umbali wa kilomita kama 130 kutoka Iringa mjini hadi Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi. Ni kubwa mno: eneo la Usangu lilipounganishwa nayo mwaka 2008, ilizidi kilomita za mraba 20,000, na magari ni machache. Unaweza kumtazama simba asubuhi nzima bila gari la pili kutokea. Sehemu kubwa ya maelezo haya itakufaa hata ukienda Mikumi au Serengeti, ila viingilio na umbali vitatofautiana.

Kabla ya yote: panga kulala mara mbili. Watu wengi huondoka Iringa Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili, kisha wanalalamika kwamba hawakuona kitu. Wamefika saa sita mchana, wakati wanyama wamejilaza vivulini, wakapata jioni moja, na asubuhi ya pili wakaimaliza kwa kufunga mizigo. Kama fedha inatosha kulala mara moja tu, ni afadhali uteremke daraja, uchukue malazi ya bei nafuu ulale mara mbili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha uraia kwa kila mtu mzima: NIDA au pasipoti kwa Mtanzania, kitambulisho cha taifa au pasipoti kwa Mkenya, Mganda na wenzetu wengine wa Afrika Mashariki. Kwa watoto, cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Bila uthibitisho unaweza kutozwa kiingilio cha mgeni wa nje, nacho ni cha dola.
- Njia ya kulipa isiyo ya taslimu: kadi ya benki, au simu yenye salio la kutosha. Getini hawapokei noti.
- Taslimu kiasi kwa ajili ya bahashishi na vinywaji vya njiani.
- Nguo za rangi ya kaki, kijani kilichofifia au kahawia. Acha nyumbani za bluu iliyokolea na nyeusi, maana ndizo zinazowavuta mbung'o. Kombati zenye madoadoa ya kijeshi usizibebe kabisa: Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na kisingizio cha utalii hakisaidii.
- Sweta au koti. Watu wa Dar hucheka wakisikia hili, halafu Julai saa 12 asubuhi, ndani ya gari lililo wazi, wanaomba blanketi la loji.
- Viatu vya kufunika vidole, kofia, mafuta ya kujikinga na jua kwa wanaoyahitaji.
- Tochi, pawabenki iliyojaa, na darubini. Kama familia ina darubini moja, azima ya pili. Ugomvi wa darubini ni mbaya kuliko wa rimoti.
- Dawa zako za kila siku, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha (ORS), plasta. Malaria ipo, kwa hiyo zungumza na mhudumu wa afya kabla ya safari, hasa kama una mjamzito au mtoto mchanga.
- Begi laini. Anayesafiri kwa ndege ndogo za kutua Msembe kwa kawaida huruhusiwa kilo 15 tu, na sanduku gumu halikunjiki kuingia kwenye buti.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Vitafunwa vya njiani vitie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa.

Hatua ya 1: Chagua msimu kwa kufuata unachotaka kuona

Ruaha ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Kiangazi ni Juni hadi Oktoba, na kwa anayekwenda mara ya kwanza huo ndio wakati wake. Majani yamekauka na macho yanafika mbali, nayo maji yamebaki sehemu chache, kwa hiyo wanyama wanakusanyika huko.

Usitegemee kuona mto umejaa, lakini. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika maji ndani ya hifadhi kiangazi kinapokaribia mwisho, kwa sababu maji mengi huchukuliwa huko juu, bonde la Usangu, kwa kilimo. Yanabaki madimbwi, na kila dimbwi lina viboko waliobanana na mamba pembeni. Katika mito ya mchanga kama Mwagusi utaona kitu ambacho peke yake kinalipa nauli: tembo anasimama katikati ya mchanga mkavu, anauchimba kwa mguu wa mbele, anachota kwa mkonga na kumwaga pembeni, anarudia hadi shimo linafika kina cha mkonga wenyewe. Anasubiri. Maji yanajichuja polepole chini, anavuta ya kwanza yenye matope na kuyamwaga, kisha ndipo anakunywa. Akiondoka, swala pala na nyani waliokuwa wakimsubiri kwa heshima wanakuja kunywa alichobakisha.

Septemba na Oktoba ni joto kali mchana. Juni na Julai ni baridi asubuhi ila hewa ni safi, nami ningempeleka mzazi wangu mzee miezi hiyo. Wakati wa mvua kuna ndege wengi na nchi ni ya kijani, bei pia hushuka, lakini baadhi ya kambi hufunga kabisa na barabara za udongo mweusi hukamata gari lolote.

Hatua ya 2: Chagua utalala wapi

Kuna makundi matatu.

*Mabanda ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), Msembe.* Haya ndiyo ya bei nafuu ndani ya hifadhi. Vitanda vipo, jiko la pamoja lipo, chakula unakuja nacho kutoka Iringa: unga, mchele, maharage, nyama iliyogandishwa kwenye boksi la barafu. Yanafaa sana kwa kundi la marafiki au familia yenye watu wanaojua kupika.

*Loji na kambi za mahema ndani ya hifadhi.* Hapa ndipo gharama inapopanda. Hema lisikutishe, kwa maana lina kitanda kamili, choo na bafu vyake. Unalipia malazi na milo yote mitatu, na pengine mizunguko ya kuangalia wanyama.

*Loji za nje, kijiji cha Tungamalenga na jirani yake.* Bei ni ya katikati, kuna duka, kuna watu. Kasoro yake ni kwamba kila siku unaanza kwa kwenda getini, na ile saa ya kwanza ya alfajiri, ambayo ndiyo bora kuliko zote, inaishia barabarani.

Mimi nikiwa na fedha ya loji ya nje kwa siku tatu, ningeibadilisha iwe mabanda ya ndani kwa siku tatu. Anayesafiri na watoto wadogo sana ataona vinginevyo, na ana haki yake.

Hatua ya 3: Piga simu, uliza maswali haya kabla ya kutuma hata shilingi

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuangalia bei kwenye mtandao, kuona dola mia kadhaa, na kufunga ukurasa. Zile nyingi ni bei za wageni wa nje. Piga simu useme wazi: "Sisi ni Watanzania, tunaomba bei ya wazawa." Loji nyingi zinayo, na nyingine hushusha zaidi wakati wa mvua au katikati ya wiki. Kisha uliza, ukiandika majibu:

a) Bei ni kwa mtu au kwa chumba? Hapa watu wengi huumia. Wanaona tarakimu moja, wanafika wawili, wanadaiwa mara mbili.

b) Ni pamoja na milo mingapi? Vinywaji je? Maji ya kunywa ni bure?

c) Mzunguko wa wanyama umo ndani ya bei? Gari ni la kushirikiana na wageni wengine au ni letu peke yetu?

d) VAT na tozo ya kulala ndani ya hifadhi zimeshajumlishwa?

e) Dereva wetu atalala wapi, atakula wapi, kwa kiasi gani? Nyingi zina vyumba vya madereva kwa bei ndogo, lakini lazima viombwe mapema.

f) Mnapokea watoto wa umri gani? Kambi zisizo na uzio huweka mipaka, na matembezi ya miguu pamoja na askari mwenye silaha hayawahusu watoto wadogo.

g) Nikiahirisha, fedha inarudi kiasi gani?

Omba majibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Ukishalipa, omba risiti na uthibitisho wenye jina lako na tarehe, uuhifadhi kwenye simu kama picha, kwa sababu mtandao hautakuwepo utakapouhitaji.

Mambo ya chakula yaseme katika simu hiyo hiyo: asiyekula nguruwe, mwenye kisukari, mtoto asiyekula pilipili. Vyakula vinaletwa kwa gari kutoka Iringa, kwa hiyo ukimwambia mpishi jioni kwamba unataka samaki, hana pa kumtoa. Ugali ni jambo jingine. Hautaukuta kwenye menyu, lakini wafanyakazi wanaula kila siku. Ukiomba, utaletewa, na mpishi atafurahi.

Hatua ya 4: Panga usafiri

IST haifai. Barabara za ndani ni vumbi, mawe na mito ya mchanga, na huko unahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, lililoinuka.

Kama unalo, nenda nalo. Jaza tangi Iringa mjini, maana huko mbele usitegemee kupata mafuta, na kuzunguka polepole siku mbili hula mafuta kuliko safari yenyewe. Beba tairi ya akiba iliyokaguliwa upepo, jeki na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea chini (kwenye mchanga jeki huzama), kamba ya kuvutia na maji ya kunywa yasiyopungua lita tano kwa kila mtu.

Kama huna, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukodi gari na dereva Iringa na kugawana gharama watu wanne hadi sita. Chagua dereva anayeijua Ruaha, hata kama ni ghali kidogo. Anayekariri lami tu atakuzungusha kwenye vichaka vitupu. Njia ya pili ni basi la kwenda Tungamalenga, ulale loji ya pale, na ukodi gari lao kuingia hifadhini. Basi halikupeleki ndani ya hifadhi, na hakuna kutembea kwa miguu kutoka getini.

Hesabu mwendo wa saa tatu au zaidi kutoka Iringa, na uliza hali ya barabara asubuhi hiyo hiyo kabla ya kuondoka. Geti hufungwa jioni, na ndani ya hifadhi gari la kawaida haliruhusiwi kutembea usiku. Ukiwa bado Iringa saa tisa alasiri, lala Iringa.

Hatua ya 5: Getini

Viingilio vya TANAPA hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo unayopewa na kulipia kwa simu. Kwa raia wa Afrika Mashariki, kiingilio cha Ruaha kwa mtu mzima kimekuwa shilingi 5,000 kabla ya VAT. Mtoto hulipa pungufu, na aliye chini ya miaka mitano haingiziwi hesabu. Gari lenye namba za Tanzania hulipiwa kwa shilingi, lenye namba za nje kwa dola. Viwango hubadilishwa mwaka wa fedha unapoanza Julai, kwa hiyo vithibitishe kwa simu kabla ya safari.

Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24. Mwulize karani waziwazi: "Tukitoka na kurudi, tunalipa tena?" Anayelala Tungamalenga asipouliza hili, hesabu yake yote inaharibika.

Ukishavuka geti utafika daraja la Ibuguziwa juu ya Ruaha Mkuu. Punguza mwendo, angalia chini ukiwa ndani ya gari. Viboko na mamba wa kwanza wa safari mara nyingi ni hapo.

Hatua ya 6: Ukifika kambini, sikiliza maelezo hadi mwisho

Msimamizi atawakaribisha kwa kitambaa baridi na juisi, kisha atawaketisha na kuwaeleza kanuni. Watu huanza kupiga picha hapa. Weka simu chini. Atakuonyesha njia ya kwenda hema lako, mahali pa kula, mstari usiovuka peke yako hata mchana, na namna ya kuita msaada: filimbi, honi ndogo au redio ya upepo. Utasaini fomu ya kukubali kwamba uko porini kwa hiari yako. Isome.

Kambi nyingi hazina uzio. Tembo hupita katikati ya mahema kwa sababu njia hiyo aliijua kabla ya kambi kujengwa.

Uliza mambo madogo sasa hivi: saa za maji ya moto, mahali pa kuchajia simu (mara nyingi ni sehemu ya kulia tu, umeme ni wa sola, na pasi au mashine ya kukaushia nywele haziruhusiwi), na kama maji ya bomba yanafaa kunywa. Kama bafu ni la ndoo, mhudumu atakuuliza unaoga saa ngapi. Anakuja na maji ya moto, anayamimina kwenye ndoo inayoning'inia nyuma ya hema, wewe ndani unavuta mnyororo. Ni lita 20 hivi. Lowa, funga, jipake sabuni, kisha fungua tena ujimwagie. Anayeacha maji yakitiririka huku anaimba hubaki na povu kichwani, na mhudumu ameshakwenda.

Chakula usiweke ndani ya hema. Si biskuti wala ndizi ya mtoto, hata pipi kwenye mkoba. Tumbili na nyani wanajua kufungua zipu kuliko unavyodhani, na tembo ananusa tunda kupitia turubai. Wape wafanyakazi wakuhifadhie jikoni.

Hatua ya 7: Toka alfajiri

Utaamshwa saa 11 na nusu kwa sauti nje ya hema, "Hodi, habari za asubuhi," na chai au kahawa. Usiseme "tutatoka saa mbili tukishakunywa supu". Saa 12 hadi saa 3 asubuhi ndipo simba bado wanatembea na chui hajapanda kujificha. Omba kifungua kinywa cha kubeba, mkile mahali palipotengwa kwa kupumzikia.

Mkiwa ndani ya gari:

1. Kaa, usisimame ghafla, usitoe mikono wala miguu nje kwa ajili ya picha.
2. Sema kwa sauti ya chini. Spika ya muziki ibaki nyumbani. Hii ndiyo lalamiko namba moja la wageni wengine kuhusu sisi wenyeji, na kwa kweli wana haki.
3. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na usitoke nje ya barabara kumfuata mnyama. Faini ipo, na dereva ndiye anayeumia.
4. Usishuke isipokuwa mahali palipoidhinishwa. Hata kujisaidia, mwambie dereva mapema, atatafuta sehemu ya wazi na kukagua kwanza.
5. Mbele ya tembo mwenye mtoto, msijiingize kati yao, na acheni nafasi ya kurudi nyuma. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kuwakabili, muda wa picha umekwisha. Ondokeni polepole.

Mwambie mwongozaji unachopenda, naye atajua pa kwenda. Wengi husema simba tu. Ruaha simba wapo wengi, lakini hapa pia kuna tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, kuna palahala na korongo (swala mkubwa, si yule ndege) kwa mwenye subira, na makundi ya mbwa mwitu ambao sehemu nyingi za Afrika wamekwisha. Ndege wamepindukia aina 500. Mibuyu pia itazame kwa karibu: magome yaliyochunwa hadi urefu wa mkonga ni kazi ya tembo, hutafuna gome kupata maji wakati wa kiangazi.

Rudini saa nne au tano, kuleni, laleni. Mzunguko wa pili ni saa 10 jioni. Anayelazimisha kuzunguka mchana kutwa huona joto na mbung'o.

Hatua ya 8: Usiku

Giza likiingia, hutembei peke yako. Hata mita ishirini kwenda kuchukua chaja. Askari wa kambi, mara nyingi kijana wa vijiji vya jirani, atakuja na tochi kali kukuchukua kwenda kula na kukurudisha. Yeye hutangulia, anamulika kushoto na kulia kwa urefu wa magoti na tena juu ya macho, akitafuta macho yanayong'aa. Akisimama, simama. Akisema "turudi", hujibu "kuna nini?", unarudi.

Ndani ya hema funga zipu zote hadi chini, za mlango na za madirisha, na neti ishushwe. Na lile swali la mama: simba hafungui zipu. Hema lililofungwa, kwake ni kitu kimoja kikubwa kisichofanana na chakula. Hatari huanza mtu anapotoka nje usiku, au anapolala mlango wazi kwa ajili ya upepo.

Hutalala vizuri usiku wa kwanza. Simba akinguruma sauti husafiri hata kilomita 8, hivyo anayeonekana yuko nyuma ya bafu huenda yuko ng'ambo ya mto. Mlio unaoanza chini na kupanda juu kama swali ni wa fisi. Kicheko kizito cha puani ni kiboko. Kilio cha mtoto mchanga juu ya mti ni komba, usimwamshe mkeo. Na ukisikia majani yakichanwa na tumbo likinguruma karibu kabisa, huyo ni tembo anakula. Nyamaza, usimulike tochi, usichungulie kwa simu yenye flashi. Atamaliza, ataondoka.

Hatua ya 9: Kuondoka

Lipa bili ya vinywaji usiku wa kuamkia safari, kwa sababu asubuhi mashine ya kadi hutegemea mtandao. Bahashishi si lazima kisheria, lakini ndiyo desturi: kuna sanduku la wafanyakazi wote, na ya mwongozaji humpa mwenyewe mkononi. Shilingi zinapokelewa vizuri; usihangaike kutafuta dola. Angalia saa yako ya kiingilio pia. Saa 24 zikizidi, hata kwa kuchelewa chai, unaweza kudaiwa siku nyingine.

Mambo yakienda kombo

*Loji inasema nafasi yako haipo.* Toa ile picha ya uthibitisho. Wakikiri kosa, kazi ya kukutafutia malazi mengine ni yao, na msimamizi ana redio ya kuwasiliana na kambi za jirani. Usiondoke kwenda kutafuta mwenyewe jioni.

*Getini unatozwa bei ya mgeni.* Karibu kila mara ni kitambulisho kilichosahaulika. Uliza kama picha ya kitambulisho kwenye simu inakubalika, na kabla ya kulipa chochote omba kuzungumza na msimamizi wa geti. Ukishalipa, kurudishiwa ni safari nyingine.

*Gari limezama mchangani.* Usikanyage mafuta, utalizamisha zaidi. Punguza upepo wa matairi, ondoa mchanga mbele ya magurudumu, ingiza gia ya nguvu, toka taratibu. Kabla ya mtu kushuka, angalieni pande zote, na mmoja abaki akitazama kichaka wakati wengine wanachimba. Likishindikana, baki garini. Weka namba ya makao makuu ya hifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka kambini, na waambie kambini njia mnayopita ili mkichelewa wajue pa kuanzia.

*Mbung'o wanauma.* Fungeni vioo, washeni kiyoyozi, piteni haraka sehemu ya vichaka. Wakishaingia, wapige kwa kofia, maana dawa ya mbu haiwasumbui sana. Kidonda kikivimba sana, au homa ikikupata wiki zinazofuata, mwambie daktari kwamba ulikuwa hifadhini. Asipime malaria peke yake.

*Mtoto anaogopa na hataki kulala.* Omba chumba cha familia kilichojengwa kwa matofali kama kipo. Kama hakipo, mwite askari aje amwonyeshe mtoto anapokaa usiku kucha.

*Kuna mnyama mlangoni na unataka kutoka.* Hutoki. Puliza filimbi kama uliyoelekezwa, mara moja, kisha subiri. Wakija watakuita kwa jina.

*Siku mbili zimepita, simba hakuna.* Usimlaumu dereva. Mwombe asubuhi ya mwisho mkae sehemu moja yenye maji, injini imezimwa, saa moja na nusu, badala ya kuzunguka. Wanaokwenda kunywa watakupitia wenyewe, na kama kuna simba karibu, swala pala watakuonyesha: wote wanageuza shingo upande mmoja na kuacha kula.